Picha ya Muvi Imevutika, Imekatwa au Haina Rangi: Tafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Deki ya DVD ikihamishiwa kwenye TV mpya, au TV ya chogo ikipewa deki mpya, malalamiko huwa ni yale yale. Watu wamekuwa wembamba mno au wanene mno, juu na chini kuna weusi, maandishi ya tafsiri hayaonekani, rangi imepotea. Wengi huamini TV imekufa. Huibeba kutoka Bahi, Kongwa au Chamwino mpaka kwa fundi mjini Dodoma, na fundi anabonyeza rimoti mara mbili tatu na kuirudisha. TV flati ikisafirishwa kwenye pikipiki inaweza kupasuka kioo njiani, kwa tatizo ambalo lingeisha ukiwa umekaa sebuleni.

Umbo la picha huamuliwa mahali patatu: kwenye diski, kwenye deki na kwenye TV. Picha huharibika pale deki na TV zote mbili zinapoirekebisha kwa wakati mmoja, au pale ambapo hakuna inayoirekebisha. Kwa hiyo kuna seting moja tu ya kushika: deki iambiwe ukweli kuhusu umbo la kioo cha TV, halafu TV iachwe ionyeshe inachopewa bila kuongeza wala kupunguza. Ukishaweka hivyo, usibadilishe tena kwa sababu ya diski moja yenye kasoro, maana utakuwa umeziharibu nyingine zote.

Anza na haya

Hamishia TV kwenye king'amuzi. Kama kasoro ile ile ipo hata huko, shida iko kwenye TV. Kama king'amuzi kinaonyesha vizuri, shida iko kwenye deki, waya au diski. Lakini kumbuka kwamba TV nyingi hutunza seting ya umbo kwa kila mlango peke yake. AV ina yake, HDMI 1 ina yake, HDMI 2 ina yake. Ukirekebisha ukiwa kwenye king'amuzi, deki haitabadilika.

Jaribu diski nyingine, hasa ya dukani yenye ubora, si iliyochomwa. Kasoro ikionekana kwenye diski moja tu, usiguse seting za deki.

Bonyeza ZOOM kwenye rimoti ya deki mpaka isomeke OFF au 1X. Watoto hupenda kuchezea kitufe hiki, na kinaweza kubaki kwenye 2X bila mtu kujua.

Pima kioo cha TV kwa futi. Gawanya upana kwa kimo. Ukipata karibu 1.33, kioo ni cha 4:3, yaani chogo nyingi. Ukipata karibu 1.78, ni cha 16:9, yaani flati karibu zote.

Kisha fanya kipimo cha duara. Bonyeza PAUSE mahali penye kitu cha mviringo kinachotazama kamera moja kwa moja: saa ya ukutani, au tairi la gari lililoonyeshwa ubavuni. Chukua rula ya mtoto wa shule, isogeze kwenye kioo bila kukandamiza, upime kimo na upana wa duara hilo.

Kimo sentimita 12 na upana 12: umbo ni sahihi, shida yako haihusu umbo.
Kimo 12 na upana 9: picha imefinywa.
Kimo 12 na upana 16: picha imevutwa.

Namba hizo hazibahatishwi. 16:9 ni pana kuliko 4:3 kwa theluthi moja kamili, ndiyo maana kosa la seting hutoa ama robo pungufu ama theluthi zaidi. Duara likiwa sawa katikati ya kioo lakini linavutika likisogea pembeni, TV iko kwenye hali ya kuvuta kingo peke yake, ambayo kwenye menyu huandikwa PANORAMA au WIDE ZOOM. Itoe.

Dalili: watu warefu na wembamba

Diski ya DVD ya PAL, yaani mfumo wa picha unaotumika Tanzania, ina nukta 720 kwa 576, iwe muvi ni pana au ni ya mraba. Muvi pana hufinywa ili iingie humo, na diski hubeba alama ndogo inayosema “hii ni 16:9, ikunjueni.” Kama hakuna aliyeikunjua, nyuso zinabaki zimefinywa.

Chanzo cha kwanza kwa wingi ni deki iliyowekwa 16:9 huku TV ni chogo. Bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki, ingia ukurasa wa kwanza, tafuta TV DISPLAY, TV SHAPE au TV ASPECT, uchague 4:3 LB. Hapo weusi utatokea juu na chini, na ndivyo inavyotakiwa. Utaona pia 4:3 PS, ambayo imekusudiwa kukata pembeni ili kujaza kioo. Diski nyingi hazina maelekezo ya ukataji huo, hivyo deki itaonyesha weusi vile vile. Usipoteze muda nayo.

Chanzo cha pili ni TV flati iliyobaki kwenye 4:3. Utaijua kwa weusi wa kushoto na kulia. Bonyeza P.SIZE, ASPECT au kitufe kinachofanana nacho kwenye rimoti ya TV, siyo ya deki, mpaka isome 16:9.

Chanzo cha tatu ni diski iliyonakiliwa na ile alama ikapotea njiani. Hii hutokea sana kwenye diski zenye muvi nyingi zilizobanwa pamoja, na kwenye muvi zilizotafsiriwa kwa sauti. Diski moja ndiyo inayofinya, nyingine ni nzima. Kwenye flati, weka TV 16:9 kwa muda. Kwenye chogo angalia kama menyu yake ina 16:9. Baadhi zinayo, na huibana picha kwa kimo mpaka nyuso zikae sawa. Isipokuwepo, hakuna dawa ya nyumbani.

Dalili: watu wafupi na wanene

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu TV ya kisasa wakati mwingine hukataa kabisa kurekebishwa.

Kama deki imeunganishwa kwa waya wa AV wenye njano, nyekundu na nyeupe, kazi ni nyepesi. Muvi za zamani, VCD zote, na muvi nyingi za Kibongo zilizorekodiwa kwenye mikanda zilitengenezwa kwa 4:3. TV inazivuta zijaze kioo. Bonyeza P.SIZE uchague 4:3. Weusi utatokea kushoto na kulia. Kwenye TV ya inchi 32 ni karibu sentimita 9 kila upande. Nyuso zitarudi.

Kama umetumia HDMI, unaweza kukuta 4:3 haimo kwenye orodha ya TV au imefifia. Sababu ni kwamba deki imekuza picha kufikia 720p au 1080p, na vipimo hivyo vina umbo la 16:9 tangu asili. TV inaamini imeletewa picha pana tayari, hivyo hairuhusu kuigusa. Fanya moja kati ya mambo mawili:

1. Ingia SETUP ya deki, penye TV DISPLAY tafuta chaguo lenye neno PILLARBOX, SQUEEZE, NORMAL au 16:9 PB. Deki yenyewe itaweka weusi pembeni ikikutana na muvi ya 4:3. Hii ndiyo njia bora, kwa kuwa unaweka mara moja tu.
2. Kama chaguo hilo halipo, punguza kipimo cha HDMI kiwe 576p, kupitia menyu au kitufe cha HDMI au RESOLUTION. Kwa kawaida TV ikipokea 576p hufungua tena chaguo la 4:3. Ubora hautapungua kwa kiasi cha kukusumbua, maana DVD yenyewe haina zaidi ya mistari hiyo 576.

Unene ukiandamana na weusi wa juu na chini kwenye TV flati, chanzo ni kingine: deki bado inaamini imeungwa kwenye chogo. Imewekwa 4:3 LB, ikaongeza weusi, kisha TV ikaivuta picha nzima na weusi wake. Badilisha deki iwe 16:9. Deki iliyorithiwa kutoka kwa ndugu aliyekuwa na chogo huja na kasoro hii mara nyingi.

Dalili: weusi juu na chini, au kuzunguka pande zote

Pima duara kwanza. Likiwa 12 kwa 12, basi weusi wa juu na chini si ubovu. Muvi nyingi za sinema hupigwa kwa umbo la 2.39 kwa 1, pana kuliko TV yoyote ya nyumbani. Kwenye TV ya inchi 32, ambayo kioo chake ni kama sentimita 71 kwa 40, muvi hiyo hukaa kwenye kimo cha karibu sentimita 30 na kuacha weusi wa sentimita 5 juu na 5 chini. Muvi ya 1.85 kwa 1 huacha chini ya sentimita moja. Kwenye chogo ya inchi 21 ile ya kwanza huacha karibu sentimita 7 juu na 7 chini, hivyo muvi inabaki kwenye zaidi kidogo ya nusu ya kioo. Inaudhi, lakini hicho ndicho alichokipiga mwelekezi, kuanzia ukingo hadi ukingo. Ukilazimisha ijae, unatupa robo ya picha au zaidi, la sivyo unawavuta watu.

Weusi ukizunguka pande zote nne, muvi ikawa kama kidirisha katikati, ni kwamba ilikuwa pana, ikawekwa weusi ndani ya diski ya 4:3, na sasa TV au deki inaongeza weusi wa pembeni. VCD za muvi za nje ziko hivi kwa sababu VCD haina namna ya kubeba 16:9. Tumia ZOOM ya TV, siyo ya deki. Weusi wa pembeni utaondoka bila nyuso kuvutika, na wa juu na chini utaondoka au kupungua. Picha italainika kidogo, kwani VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288 tu na sasa zinatandazwa kwenye kioo kizima. Muvi ikiisha, itoe ZOOM.

Dalili: vichwa vimekatwa, maandishi ya tafsiri hayaonekani

Kwa mpangilio wa uwezekano: ZOOM ya deki imebaki imewashwa, TV iko kwenye ZOOM, CINEMA au 14:9, au TV inakata kingo kwa desturi yake.

Hili la mwisho halifahamiki sana. TV nyingi hukuza picha asilimia chache ili kuficha kingo, tabia iliyoanza enzi za chogo. Kwenye flati iliyoungwa kwa HDMI, tafuta kwenye menyu ya umbo la picha chaguo linaloitwa JUST SCAN, SCREEN FIT, 1:1, FULL PIXEL, au OVERSCAN uiweke OFF. Kwenye AV chaguo hili huwa halipo.

Baadhi ya diski huandika tafsiri ndani ya ule weusi wa chini. Hapo ukitumia ZOOM lazima maneno yapotee. Chagua moja: kioo kijae, au tafsiri isomeke.

Dalili: picha haina rangi, inapanda na kushuka, au imegawanyika

Tanzania hutumia PAL, mistari 625 (inayobeba picha ni ile 576) na picha 25 kwa sekunde. Diski nyingi za Marekani na Japani ni NTSC, mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Mwanga wa picha husafiri kwa namna inayokaribiana katika mifumo yote miwili, lakini rangi ya PAL hubebwa kwenye megahezi 4.43 na ya NTSC kwenye 3.58. Ndiyo maana chogo isiyojua NTSC huonyesha picha nyeusi na nyeupe badala ya kuzima kabisa. Ikishindwa hata mwendo wa mistari, picha hupanda bila kutulia.

Toa diski kwanza. Deki nyingi za bei nafuu hazifungui ukurasa wa PREFERENCE wakati diski inazunguka. Maneno hufifia na mtu hudhani deki imefungwa. Bonyeza STOP mara mbili au fungua trei, ingia SETUP, PREFERENCE, TV TYPE. Kwenye chogo weka PAL, ili deki igeuze kila kitu kuwa PAL. Kwenye flati weka AUTO au MULTI. Deki ikigeuza NTSC kuwa PAL, kamera inapozunguka utaona kusitasita kidogo, kwa kuwa baadhi ya picha zinaachwa. Hiyo ni kawaida.

Kama rangi haipo kwenye diski zote, hata za PAL, angalia waya. TV flati nyingi zina tundu moja linalotumika kwa njano ya AV na kwa kijani ya vile vitundu vitatu vya picha. Tundu hilo huzungushiwa rangi mbili, nusu njano na nusu kijani, na ukichungulia kwa mbali unaona kijani tu. Watu huchomeka njano kwenye bluu au nyekundu iliyo jirani. Chomeka kwenye lile la rangi mbili, kisha kwenye TV chagua AV, siyo COMPONENT. Upande wa deki pia, hakikisha umechomeka kwenye tundu la VIDEO OUT, siyo Y, lile la kijani.

Picha ikigawanyika mara mbili, ikiwa kijani, au ikijaa mistari mara tu baada ya mtu kubonyeza rimoti, deki imehamia P-SCAN, hali ya kutoa mistari yote ya picha kwa mkupuo. Chogo nyingi haziwezi kupokea P-SCAN. Bonyeza V-MODE au P-SCAN mara moja, subiri sekunde 5, bonyeza tena, mpaka picha irudi kwenye CVBS au VIDEO, yaani picha ya waya wa njano. Usibonyeze haraka haraka, utaipita.

TV ya mtumba kutoka Japani ina hatari kubwa kuliko ya rangi. Umeme wa huko ni volti 100, wetu ni 230. Soma bati la nyuma kabla ya kuchomeka. Likisema 100V peke yake, usiichomeke bila transfoma ya kushusha umeme.

Dalili: sauti ipo, picha hakuna

Kama ilianza baada ya kubadilisha seting, deki inatoa picha kwa njia ambayo TV haiipokei. Toa diski, bonyeza V-MODE taratibu kama hapo juu. Kwa HDMI, bonyeza RESOLUTION mpaka ishuke 576p au 720p. TV ndogo za sola huweza kukataa 1080p. Ikishindikana, chomeka waya wa AV kwa muda, ingia SETUP, tafuta DEFAULT au RESET, kisha anza upya.

Dalili: diski inakataliwa kabla ya kuanza

Ujumbe wa REGION au WRONG REGION maana yake diski imefungiwa eneo. DVD za Tanzania ni eneo la 5. Uingereza na Afrika Kusini ni la 2, Marekani ni la 1. Deki nyingi zisizo na jina kubwa husoma maeneo yote. Zenye majina hubana. Kompyuta hukuruhusu kubadilisha eneo la DVD mara 5 tu, kisha hubaki hapo, kwa hiyo fikiri kabla ya kukubali. Diski ya Blu-ray haitasomeka kwenye deki ya DVD kwa seting yoyote, kwa kuwa inahitaji mwanga tofauti wa leza.

Dalili: vipande vya mraba, picha inaganda

Hili si tatizo la umbo, ila huchanganywa nalo. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, upepo huingiza vumbi laini ndani ya deki na kutua juu ya lenzi. Dalili yake: diski za dukani zinacheza, zilizochomwa zinakwama.

Osha diski kwa maji na tone la sabuni, futa kwa kitambaa laini cha pamba kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo hufuata njia ya data na kuiharibu kwa urefu. Kusita kwa sekunde moja katikati ya muvi ndefu ya dukani ni leza kuhamia tabaka la pili la diski. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Lenzi husafishwa kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti safi ya isopropili, bila kukandamiza, kisha dakika 5 za kukauka. Usitumie manukato wala petroli. Usiwashe deki ikiwa wazi na ukaitazama leza. Kama hujawahi kufungua deki, mpe fundi: upande wa umeme wa deki huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Acha hapo, ita fundi

Chogo ikionyesha mstari mmoja mweupe wa kulala katikati, zima mara moja. Sehemu inayotanua picha juu na chini imekufa, na ukiiacha itaunguza kioo mahali pale.

Kingo za kushoto na kulia zikijikunja kuelekea ndani kwenye king'amuzi na deki vile vile, ni saketi ya TV. Picha ikisinyaa pande zote jioni tu, pima kwanza umeme wa nyumbani kabla ya kulaumu TV.

Harufu ya kuungua, mlio wa kutatarika au moshi: chomoa ukutani, usiwashe tena kujaribu. Usifungue mgongo wa chogo kwa hali yoyote. Bomba lake hutunza zaidi ya volti 20,000, na umeme huo huweza kubaki humo muda mrefu baada ya TV kuzimwa. Ukimpelekea fundi, mpe na rimoti zote mbili, waya ule ule unaoutumia, na diski moja iliyoonyesha kasoro.